Mai ya Amu na mai ya Mtaliano

SWALI: Mwalimu, salaam aleikum. Mimi ni mzaliwa wa Amu, yaani Lamu, mtaa wa Langoni, na sasa ni mhudumu katika hoteli moja ya ufuoni hapa Malindi. Juzi mzee mmoja wa Kitaliano aliniuliza kama samaki ni wa leo. Kabla sijamjibu nikaona jagi lake tupu, nikamgeukia mwenzangu nikapaza sauti: "Mai! Mai ya baridi, na barafu!" Mzee akakunja uso. Baadaye nikaambiwa kwamba kwao "mai" ni "kamwe". Mwenzangu Mgiriama asema kwao maji ni madzi. Jirani yangu mwenye asili ya Kiarabu ashikilia kwamba mai yetu tumeichukua kwao, maana watu wa Ghuba nao husema maay. Na mpishi wetu, Mkikuyu, kila nikilitamka neno hilo hucheka mpaka akashika meza. Je, hili ni neno moja au ni mengi? Nani kamchukulia nani?

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Barua yako nimeisoma barazani mara mbili, na mara ya pili nilicheka mpaka wapita njia wakanigeukia. Umeuliza mambo manne kwa mpigo, nami sitayajibu kwa zamu uliyoyapanga. Mpishi wenu nimemweka mwisho, na sababu utaijua tukifika.

Naanza na jirani yako, maana hoja yake ndiyo yenye uzito machoni pa watu. Itazame meza unayoiandaa kila siku. Sahani ni neno la Kiarabu, samaki ni la Kiarabu, sukari ni la Kiarabu, na hesabu unayompelekea mgeni mwishoni, ile inayomkunjisha uso kuliko mai, nayo ni ya Kiarabu. Majahazi ya Ghuba yametia nanga Lamu na Malindi kwa karne nyingi. Mtu akimsikia Mwarabu asema maay na Mwamu asema mai, na wote wawili waelekeza kidole kwenye jagi lile lile, ataachaje kuamini kwamba mmoja kamwazima mwenzake? Tena ukiyaandika kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wetu walivyoandika tenzi na barua zao, yatatoka sawasawa kama sarafu mbili.

Hata hivyo jirani yako amekosea, na kosa lake ni kulitazama neno likiwa peke yake. Ukitaka kujua neno ni la ukoo gani, liite na jamaa zake wote waje wasimame mstari mmoja. Wewe ni Mwamu, lifanye sasa hivi. Watu wa Unguja wasema jina, sisi twasema ina. Wao jino, sisi ino. Wao jiwe, sisi iwe. Wao mji, sisi mui. Kila walipo na ji, kwetu j imeyeyuka ikabaki i. Mbele ya vokali nyingine haikuyeyuka yote, imelainika tu ikawa y: moja ni moya, jana ni yana, juu ni yuu. Basi maji yangetoka vipi kinywani mwa Mwamu isipokuwa mai? Hayakuwa na hiari. Na jirani yako akiidai mai, itambidi aidai na ino na iwe na mui, ilhali Mwarabu jino huliita sinn na mji huuita madina.

Shahidi wa pili unaye hapo hapo kazini, naye ni yule Mgiriama. Madzi yake ndiyo maji yetu, na Mchewa wa Malawi asema vivyo hivyo, madzi. Mganda asema amazzi. Mzulu, kule kusini kabisa mwa bara ambako majahazi ya Ghuba hayakuwa na mazoea ya kufika, asema amanzi. Mstari mrefu huo, na Mwamu amesimama ndani yake kwa haki yake.

Halafu kuna jambo ambalo halionekani mpaka neno ulipasue. Kwa Kiganda, ukitaka kusema maji kidogo, matone ya kuonja tu, wasema otuzzi. Ma imevuliwa, tu imevikwa, kiini zzi kimebaki. Kwa Mwarabu m haivuliki: maji ni maa, wingi wake ni miyaah, na m ipo pale pale. M yao ni mfupa, m yetu ni kanzu, ma ile ile wanayoivaa maziwa, mafuta, mate na machozi. Maneno mawili yaliyojengwa tofauti kabisa ndani yamekutana sebuleni yamevaa rangi moja. Ni sadfa.

Najua sadfa haimridhishi mtu. Watu hupenda kuambiwa siri ya kale, wahamiaji waliopotea, meli iliyozama. Lakini sadfa za namna hii zipo nyingi kuliko tunavyodhani, na iliyo mashuhuri kuliko zote yatoka Australia. Mtaalamu wa lugha R. M. W. Dixon, katika miaka ya 1960, alikuwa akikusanya maneno ya Kimbabaram, lugha ya wenyeji wa kaskazini-mashariki mwa nchi hiyo ambayo ilikuwa imebaki na wasemaji wachache mno. Alipouliza mbwa waitwaje akajibiwa: dog. Neno la Kiingereza kabisa, ungedhani. Lakini majirani wa Wambabaram, Wayidiny, mbwa humwita gudaga, na Kimbabaram kilikuwa na mazoea ya kuzikata sehemu za mwanzo za maneno na kuzigeuza vokali zinazobaki. Gudaga ikakatwa na kukwanguliwa, ikatoka dog, bila Mwingereza yeyote kuhusika. Ni kisa kile kile cha mai na maay, mnyama tu ndiye kabadilika.

Sasa tumrudie mzee wa watu aliyekunja uso. Mai yake yatoka Kilatini, kwenye neno magis, ambalo maana yake ilikuwa "zaidi". Neno hilo limezaa watoto wengi, na hawa kweli ni ndugu wa tumbo moja. Mreno ana mais, "zaidi". Mromania ana mai, nayo ni "zaidi" vilevile: mai mare ni "kubwa zaidi". Mfaransa ana mais, "lakini". Mtaliano mwenyewe kapata watoto wawili, ma ya "lakini" na mai ya "kamwe". Utaniuliza "zaidi" iligeukaje ikawa "kamwe". Jibu unalo mdomoni kila siku. Unaposema "siendi kamwe", anayekanusha ni si. Kamwe yakazia tu. Lakini mtu akikuuliza kama utarudi kuvua pweza, ukamjibu "Kamwe!", umekanusha bila si wala ha. Neno limekaa jirani na kukanusha muda mrefu hata likaambukizwa. Mai ya Kitaliano nayo ni hivyo hivyo: non vado mai, "siendi kamwe", kisha mai! peke yake, "kamwe!" Katika maswali, ambako hakuna kukanusha, bado ni salama: hai mai visto Lamu? maana yake "umewahi kuiona Lamu?" Kwa hiyo yule mzee amekuuliza kama samaki ni wa leo, nawe ukageuka ukapiga kelele: kamwe, kamwe! Ningekunja uso hata mimi.

Na hapa nakuachia kichekesho changu mwenyewe, si historia. Vasco da Gama na mabaharia wake walitia nanga Malindi Aprili 1498. Mreno mwenye kiu aliyeongezewa maji angesema mais, "zaidi". Lau Mwamu angekuwa amesimama karibu naye, angesikia mai na mluzi mwishoni, akaleta mtungi wa pili, na kila mmoja angeondoka akiamini kwamba lugha ya mwenzake ni nyepesi.

Kwa nini maneno yagongane hivi? Kwa sababu kinywa ni kile kile kwa binadamu wote. M ni sauti ya kufunga midomo tu, a ni ya kuifungua, na i ipo karibu kila lugha. Fanya hesabu: lugha yenye konsonanti 20 na vokali 5 yaweza kuunda maneno ya umbo hili, konsonanti moja na vokali mbili, kwa namna 20 mara 5 mara 5. Ni 500 basi. Lugha duniani ni 7,000 hivi, na kila moja yataka maneno mafupi kwa vitu vya kila saa. Ni bao lenye mashimo 500, na wachezaji 7,000 watia kete. Shimo gani litabaki na kete moja?

Ndiyo maana mai imekaa kila pembe. Mvietnamu akisema mai ni "kesho". Mjerumani, ni mwezi wa Mei. Mshona wa Zimbabwe, ni "mama", na mwanamke huitwa Mai fulani kama sisi tusemavyo Mama fulani. Mhausa ana mai ya "mafuta" na mai nyingine ya "mwenye", ndiyo hiyo uisikiayo katika maigida, mwenye nyumba. Mmaori wa New Zealand hulitumia kuonyesha kwamba jambo laja upande wa msemaji. Haere mai ni "njoo huku", ndiyo karibu yao. Mjapani ana mai ya "kila", mai ya dansi ya jadi, na mai ya kuhesabia vitu bapa kama karatasi na sahani, hivyo akija hotelini kwenu ataweza kuzihesabu sahani kwa neno lako la maji.

Wachina wako mbali zaidi, na hapa lazima nikuonye. Mai ya sauti inayoshuka kisha ikapanda ni "kununua". Mai ya sauti inayoanguka ghafla ni "kuuza". Tena hizo mbili ni ndugu, moja imezaa nyingine, jambo lisilomshangaza Mswahili ambaye neno lake moja, kuazima, laweza kuwa kutoa au kuchukua. Twiga aliyepelekwa China kutoka Malindi mwaka 1415 alikwenda kama zawadi, alhamdulillahi, la sivyo ungepatikana mzozo. Mthai naye ana sentensi nzima iliyo maarufu kwa wanafunzi wa lugha yake, maneno matano, na yote matano ukiyaandika kwa herufi zetu ni mai: mai mai mai mai mai. Maana yake ni "kuni mbichi haziungui, au sivyo?", ingawa huo ubichi wao wausema "upya". Kwa sikio la Mthai yanayofanana ni mawili tu, mengine kila moja lina sauti yake. Herufi zetu hazina pa kuiweka tuni, zaiacha mlangoni kama viatu, kisha sisi twashangaa mbona wote wameingia miguu mitupu. Ukisikia watu wasema "neno moja, maana kumi", uliza kwanza: moja kwa sikio, au moja kwa karatasi?

Wala huna haja ya kwenda Bangkok. Marehemu shangazi yangu, Mwamu wa kindakindaki, alipohamia kwetu Malindi, jioni ya kwanza alikaa uani akamwita mtoto wa jirani: "Ndoo, mwanangu, ndoo!" Kwa Kiamu hiyo ni "njoo", kama unavyojua; njia kwetu ni ndia, njaa ni ndaa. Mtoto, aliyezoea Kiswahili cha shule, akatoka mbio. Akarudi na ndoo. Shangazi akaitazama, akamtazama mtoto, akarudia kwa upole: "Ndoo, baba." Mtoto akatoka mbio tena, akarudi na ndoo ya pili, hii ya plastiki yenye mfuniko. Shangazi akazipanga mbili hizo ukutani, akanyamaza. Nilipofika alikuwa anangoja tu mtu mzima wa kumfafanulia mji gani huu ambao ukimwita mtoto akubusu wakuletea vyombo.

Na sokoni Malindi nimeyaona mengine ya aina hiyo. Bibi wa Kitaliano aliinua embe, muuzaji akamwambia bei: "Mia." Bibi akairudisha upesi, akaomba radhi. Kwao mia ni "yangu". Alidhani kijana asema, hiyo ni yangu, usiiguse. Kijana naye akadhani kwamba bei imemshtua, akashuka hadi themanini. Mia ya kijana ni ya Kiarabu, mia ya bibi ni ya Kilatini, na shilingi ishirini zikapotea katikati. Vivyo hivyo mvuvi akijisifu mbele ya wageni kwamba kamvua papa: Mtaliano husikia cheo cha yule mkubwa wa Kanisa aliyeko Vatikani.

Umeuliza pia nani kamchukulia nani. Katika mai, hakuna aliyechukua. Lakini kuchukuana kupo, na huko neno hubaki na umbo lake likapoteza maana njiani. Gereza limetoka kwa Wareno, kwenye igreja, ambayo kwao ni kanisa. Sijui neno lililoshuka cheo kama hilo. Safari tuliipata kwa Waarabu ikiwa ni mwendo wowote, tukawapa Wazungu, nao wameturudishia ikiwa na gari la wazi, kofia na simba. Na uhuru, neno lililotoka kwenye Kiarabu cha hurr, mtu aliye huru, limefika hata angani. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la Wataliano la San Marco, baharini kule Ngomeni, kaskazini ya mji huu. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei itokayo kwenye nyota, ikapewa jina Uhuru. Mwanafalaki wa Ulaya ukimtajia neno hilo leo, hatafikiria bendera, atafikiria chombo.

Mama, kwa upande wake, halikuazimwa wala si sadfa tupu. Mtoto mchanga hufungua midomo na kuifunga, yakatoka ma na pa na ba, nao wazazi kila mahali hujigawia sauti hizo kana kwamba wameitwa. Kugawana huko si lazima kuende tunavyotarajia: kwa Kijojia mama ni "baba".

Basi tumefika kwa mpishi. Kikuyu kina vokali saba, si tano kama zetu, na moja huandikwa ĩ, i yenye kofia. Sauti yake imekaa karibu na e yetu. Maji kwao ni maaĩ, kwa vokali hiyo, nayo ni ndugu halali wa mai yako na madzi ya Mgiriama. Ila wana neno jingine, mai, lenye i kavu isiyo na kofia, sawasawa na unavyolitamka wewe. Hilo nalo lina jamaa yake katika Kiswahili. Kama j ilivyoyeyuka Lamu, kwa Wakikuyu iliyeyuka v. Irudishe mahali pake, katikati ya a na i, uone umepata nini.

Mpishi hana dharau nawe. Kila mchana amsikia kijana mtanashati, shati jeupe, akipaza sauti mbele ya wageni kwamba jagi limekwisha, na yaletwe mengine upesi, ya baridi, na barafu.